Kuingia Singapore na sigara: jinsi ya kuzitangaza na kuzilipia

Ukinunua katoni ya sigara kwenye dyutifrii ya Dubai au Doha ukisubiri ndege ya pili, umesamehewa ushuru wa pale uliponunua tu. Unakokwenda wana hesabu yao. Uingereza, kwa mfano, humwachia mtu mzima sigara 200 bila ushuru. Singapore haisamehi hata moja. Ile pakiti uliyokwisha kuifungua, imebaki na fegi sita mfukoni mwa shati, nayo imo.

Hazijakatazwa, lakini. Unaingia nazo vizuri kabisa ilimradi uzitangaze na kuzilipia.

Anza nyumbani, kabla hujafunga begi. Toa vile ambavyo havilipiwi kwa namna yoyote: vepu (sigara za kielektroniki) na vimiminika vyake, tumbaku ya shisha, tumbaku ya kutafuna na ugoro. Hivyo ni marufuku hata ukivisema mwenyewe. Kama unasafiri na mzee anayenusa, mwulizie kikopo chake mapema, maana yeye ugoro hauhesabu kuwa sigara na hatakumbuka kuutaja. Umri wa kuvuta kule ni miaka 21, kwa hiyo kijana wa miaka 19 asibebeshwe katoni ya mtu.

Kisha piga hesabu. Ushuru unatozwa kwa kila sigara, si kwa pakiti. Kiwango kilichopandishwa Februari 2023 kilikuwa senti 49.1 za Singapore kwa sigara isiyozidi gramu moja. Angalia kwenye tovuti ya Forodha yao kama kimepanda tena. Kwa kiwango hicho, pakiti ya sigara 20 ni dola 9.82 na katoni ya pakiti kumi ni dola 98.20, bado hujaongeza kodi ya mauzo ya asilimia 9. Mimi kwa safari ya siku nne nisingebeba katoni. Na ukivuka gramu 400 za tumbaku huwezi kumaliza mambo kama abiria wa kawaida. Unahitaji kibali cha forodha, na hapo umeshakuwa mfanyabiashara.

Malipo unaweza kuyafanya mapema kupitia Customs@SG, huduma ya mtandaoni ya Forodha ya Singapore inayofunguka kwenye simu. Ingia ndani ya siku tatu kabla ya kufika, jaza taarifa zako, aina ya bidhaa na idadi, lipa, utapewa risiti ya kielektroniki. Ipige picha ya skrini, kwa sababu laini yako huenda isishike mtandao ukishatua. Angalizo: ile SG Arrival Card, fomu ya kuingia nchini, ambayo nayo hujazwa ndani ya siku hizohizo tatu, ni ya uhamiaji. Kuijaza hakukuondolei wajibu wa forodha hata kidogo.

Ukiwa umelipa mapema, pita njia ya kijani, ya wasio na cha kutangaza, na risiti mkononi. Hujalipa? Chukua mizigo yako, nenda moja kwa moja njia nyekundu, ya wenye vitu vya kutangaza, mwambie ofisa una sigara ngapi, ulipe palepale. Ukiona ni ghali, mwambie unaziacha. Kosa ni kujipenyeza njia ya kijani ukiwa kimya, halafu ukisimamishwa ndiyo uanze kueleza. Kwa wakati huo umeshachelewa: kesi ikifika mahakamani, faini inaweza kufika mara 20 ya kodi uliyokwepa, na kifungo kipo.

Risiti usiitupe ukishatoka uwanjani. Tangu Julai 2020 sigara zinazouzwa madukani kule zimo kwenye pakiti za rangi moja ya kufifia, bila nembo. Pakiti yako yenye nembo na rangi za kwetu inajitangaza yenyewe ukiitoa mfukoni, na risiti ndiyo jibu lako.

Kuvuta nako kuna mahali pake. Barabara ya Orchard, kwa mfano, imekuwa eneo lisilovutwa sigara tangu Januari 2019, isipokuwa sehemu zilizotengwa. Tafuta alama kwanza, ndipo uwashe.

Kwenye kurudi, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu abiria wa miaka 18 na zaidi gramu 250 za tumbaku ya aina zote bila ushuru. Ukizidisha, unatangaza pia, safari hii kwa Kiswahili.