Somo: msuli wa kifundo unaoumiza kiwiko

Hapa Tanga mtu akikuna nazi kutwa, au akikamua mashuka ndoo baada ya ndoo, jioni utamwona ameshika kiwiko: "Hapa panawaka." Anachua kiwiko, anapaka dawa kiwikoni. Kumbe mwenye shida ni msuli wa kifundo cha mkono, ekstensa kapi radialisi brevisi.

Hatua ya 1. Laza mkono mezani, kiganja chini. Papasa nundu ya mfupa upande wa nje wa kiwiko. Kano yake inaanzia hapo; msuli unapita nyuma ya kigasha na kuishia kwenye kitako cha mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha kati.

Hatua ya 2. Kunja ngumi, nyanyua kifundo. Utauhisi ukituna. Sasa kunja kifundo chini kabisa, kisha jaribu kubana mwiko: nguvu hakuna! Msuli huu haunyanyui kifundo tu, unakishikilia kila unapokamata kitu. Ndiyo maana kila ukibana kifuu juu ya mbuzi, ile kano inavutwa.

Hatua ya 3. Ngumi ikiwa juu, mwenzio aisukume chini nawe ukatae. Pakichoma kwenye nundu, tumeshampata.

Hatua ya 4. Shika chupa ya maji ya nusu lita, kiganja chini. Mkono usiouma usaidie kuinyanyua, unaouma uishushe polepole ukihesabu hadi 5. Mara 10, awamu 3, kila siku. Kano hupona kwa miezi, tafadhali msikate tamaa wiki ya pili. Ila ukiinua mzigo katika kazi zako, kiganja kitazame juu.

MASWALI

Ngamiani: Shikamoo dokta. Sindano ya steroidi si ingeniponya haraka?
– Marahaba mwanangu. Hutuliza wiki chache, kisha wengi maumivu huwarudia. Anza na chupa.

Pangani: Baba alivunjika mfupa juu ya kiwiko. Sasa kiganja kinaning'inia, hakinyanyuki.
– Poleni sana. Hapo ni neva ya radiali, inayopita nyuma ya mfupa huo. Ndiyo inayouamrisha msuli wetu. Msimchue. Egesheni kifundo kwenye kibao, mpelekeni hospitali leo hii.

Chumbageni: Mimi inauma nundu ya ndani.
– Hiyo ni misuli inayokunja kifundo kuelekea kiganjani. Chupa ile ile, ila kiganja kigeuze juu.