Somo: Kuagiza vitu vya kale kutoka nje, karatasi kabla ya malipo

Anayepata hasara kwa vitu vya kale aghalabu ni aliyelipa kwanza, ndipo akauliza vibali. Anza hivi.

Hatua ya 1: Umri na malighafi. Katika mfumo wa HS wanaoutumia maofisa wa forodha kuainisha bidhaa kwa namba, kitu cha kale ni kilichozidi miaka 100, nacho huingia namba 9706. Kiti cha miaka 90 ni samani tu. "Cha zamani sana" si ushahidi: dai picha za maungio, skrubu, mihuri na mgongo wa kila droo. Kisha uliza malighafi. Pembe ya ndovu, gamba la ng'amba na mbao za Dalbergia nigra (mti wa Brazili) zinabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata kitu kiwe kikongwe. Kipande kidogo cha pembe kwenye kishikio chatosha kuzuia mzigo mzima.

Hatua ya 2: Kibali cha kutoa. Nchi nyingi hudai kibali ili urithi wao utoke. Muuzaji ndiye akiombe, na mkataba useme kikikataliwa fedha zinarudi.

Hatua ya 3: Ankara. "Samani za kale" haitoshi. Andika: "Kabati la mwaloni, Ufaransa, karibu 1880, bawaba za shaba, kimo sm 190, halina sehemu za wanyama." Bei iwe ile uliyolipa kweli.

Hatua ya 4: Kufunga. Hapa usiwe bahili. Toa droo, rafu, vioo na funguo, kila kimoja kifungwe peke yake. Juu ya polishi tandika karatasi laini isiyo na asidi, kisha blanketi. Plastiki ya mapovu isiguse polishi, maana joto la kontena huacha alama za duara zisizofutika kwa kitambaa. Tepu nayo hung'oa rangi. Mbao za kreti ziwe na mhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungia mizigo, wenye herufi HT: zimepashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kiini. Weka vifyonza unyevu, kwani kontena likipoa usiku, mvuke hugeuka matone darini na kudondokea mzigo.

Piga picha kabla kreti haijapigwa misumari. Bima ya mizigo, hata ile ya masharti mapana yaitwayo ICC (A), hailipi madhara ya ufungaji mbovu.

Maswali ya wanachama

*Chini ya miguu ya meza kuna unga mweupe. Niiache?*
Unga mpya ni dalili kwamba wadudu wangali ndani. Ifukizwe kabla ya kupakiwa, na cheti kitaje dawa, kipimo na saa ilizokaa.

*Kabati limebadilishwa bawaba na kuongezwa kiungo cha ndani. Bado ni 9706?*
Ndiyo, mradi sura yake ya asili imebaki. Matengenezo yaelezwe kwenye ankara.

*Na lulu za miaka 150 zisizotungwa?*
Hapana. Lulu na vito hubaki kwenye namba zake, 7101 hadi 7103, viwe na umri wowote.