Kabla ya kufunga sanduku la safari ya meli

Ndugu zangu wa Goma na Bukavu mnaojiandaa kwa likizo ya meli ya kitalii baharini, ulizeni mapema ratiba ya jioni zenye mada, kwa sababu usiku wa mavazi meupe au wa mavazi rasmi hauna raha kwa mtu aliyebeba nguo za mchana tu. Kitenge kilichoshonwa vizuri na fundi wa kwetu kinapendeza sana usiku wa mavazi rasmi, nami nakithamini kuliko suti. Kuhusu chakula, ukumbi mkuu kwa kawaida umo katika bei ya safari, lakini migahawa maalumu ya melini mara nyingi hulipiwa zaidi na meza zake hujaa haraka. Basi wekeni nafasi siku ileile ya kupanda meli.