Gnudi za spinachi za Toscana: zipike nyumbani bila kupasukia sufuriani

Toscana ni mkoa wa Italia. Ukifika Firenze, mji wake mkuu, wanaziita gnudi, ukienda Siena, mji mwingine wa huko, unazikuta kwa jina la malfatti. Chakula ni kilekile: spinachi na ricotta (jibini laini jeupe), ujazo uleule wa ravioli, zile tambi za kujazwa, lakini hapa unafinyangwa madonge na kutokoswa hivyo hivyo bila tambi ya kuufunika. Kwa kuwa hakuna kinachoyashika madonge kwa nje, adui mkubwa ni maji. Maji yakibaki kwenye spinachi au kwenye ricotta, donge linapasuka sufuriani na kuacha supu ya kijani.

Wengi hulitatua hilo kwa kuongeza unga, tena na tena, mpaka mchanganyiko ushikane. Kweli hazitapasuka, ila utakula madonge ya ngano yenye rangi ya kijani. Gnudi nzuri ni laini kiasi cha kukatika kwa ubavu wa uma. Mimi nimejifunza mapishi haya katika majiko ya Kiitaliano ya Malindi, na ninachokushikilia kwa nguvu zote ni hiki: kamua zaidi, unga upunguze.

Viungo vya watu 4

- Spinachi mbichi kilo 1, ipimwe baada ya kutoa vikonyo
- Ricotta gramu 400
- Parmigiano Reggiano (jibini gumu la Kiitaliano) iliyokunwa gramu 80, na nyingine ya kunyunyizia mezani
- Yai 1 zima na kiini 1
- Unga wa ngano gramu 50
- Kungumanga, chumvi, pilipili manga
- Semolina (suji) kikombe kimoja cha kuviringishia
- Siagi gramu 80 na majani mabichi 10 ya seji (sage, kiungo cha majani yenye harufu)

Kuhusu spinachi yenyewe: ile inayouzwa kwa fungu masokoni kwetu, yenye jani pana na kikonyo kinene cheupe, Waitaliano huiita bietola. Usiiogope. Hata Toscana wako wanaoitumia kwenye gnudi, na huko Liguria, mkoa mwingine wa Italia, ndiyo mboga ya asili ya torta pasqualina, pai yao ya Pasaka. Kata kikonyo chote mpaka katikati ya jani, kwa sababu hakiivi sawa na jani na kimejaa maji. Vikonyo vikaange siku nyingine na kitunguu.

Ricotta halisi hutengenezwa kwa maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini, yakapashwa moto tena. Kama dukani haipo, chemsha lita 2 na nusu za maziwa yasiyopunguzwa mafuta hadi yakaribie kutokota, epua, tia vijiko 4 au 5 vya maji ya limau au siki, koroga mara moja tu, acha dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa. Muitaliano hataiita ricotta, lakini kwa kazi hii inatosha kabisa.

Hatua ya 1: Chuja ricotta

Iweke kwenye chujio juu ya bakuli, ndani ya friji, usiku kucha. Ukiwa na haraka, saa mbili ndiyo mwisho wa kupunguza.

Hatua ya 2: Chemsha spinachi

Osha kwa maji matatu, maana mchanga hujificha kwenye mikunjo ya jani. Spinachi changa ya jani dogo haihitaji maji ya kuchemshia. Itie sufuriani na maji yaliyobaki juu ya majani, funika, inanyauka kwa dakika mbili tatu. Ile ya jani pana itie kwenye maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika 4. Itoe, imwagie maji baridi ili isiendelee kuiva na rangi ibaki.

Hatua ya 3: Kamua, katakata, kamua tena

Hapa usiwe na haraka. Anza kwa mikono, fungu dogo dogo. Kisha weka spinachi ndani ya kitambaa safi, kisokote na kukikamua kama unavyokamua tui la kwanza, mpaka mikono ichoke. Ukidhani umemaliza, ikatekate kwa kisu iwe ndogo sana, halafu irudishe kwenye kitambaa: utashangaa maji yanayotoka, kwa sababu kila jani ulilokata limefungua maji mengine. Usitumie blenda. Inaisaga spinachi ikawa uji, na uji haukamuliki.

Ile kilo moja inapaswa kubaki chini ya gramu 400. Pima. Ikizidi hapo, bado ina maji. Kisha igeuze kwenye kikaango chenye siagi kidogo kwa dakika 3, ili unyevu wa mwisho upotee na mvuke. Iache ipoe kabisa kabla ya kuendelea. Ikiwa ya moto italipika yai bakulini.

Hatua ya 4: Changanya

Ricotta, spinachi, Parmigiano, mayai, kungumanga ya kukuna hapo hapo, pilipili manga. Onja kabla ya kutia chumvi, maana Parmigiano ina chumvi yake. Unga uwe wa mwisho, ukikunja polepole kwa mwiko. Usikande. Mchanganyiko utakuwa laini na wa kunatanata kidogo, na ndivyo unavyotakiwa.

Hatua ya 5: Jaribu donge moja

Finyanga moja, litie kwenye maji ya chumvi yanayotokota taratibu. Likishikana, endelea. Likipasuka, ongeza kijiko kimoja cha unga, kisha jaribu jingine. Hatua hii usiiruke hata kama umeshapika mara nyingi, kwa sababu ricotta ya leo si ya juzi.

Hatua ya 6: Finyanga

Madonge ya gramu 25 hivi. Yaviringishe kwenye semolina, yapange kwenye sinia bila kugusana, yakae friji saa moja.

Hatua ya 7: Tokosa

Maji yawe mengi, yakitokota kwa upole; yakichemka kwa fujo yatayagonga madonge na kuyavunja. Tia machache machache. Yataelea baada ya dakika 2 au 3. Yaache dakika moja zaidi, kisha yaopoe kwa kijiko cha matundu. Usiyamwage kwenye chujio.

Wakati huohuo yeyusha siagi na majani ya seji mpaka povu litulie, siagi iwe ya rangi ya dhahabu na majani yakauke. Mimina juu ya gnudi, nyunyiza Parmigiano, peleka mezani papo hapo. Seji ikikosekana, siagi na jibini peke yake inatosha. Dania haifai hapa.

Ukitengeneza nyingi, zigandishe mbichi kwenye sinia, kisha zihamishie mfukoni. Siku ya kupika zitie kwenye maji bila kuziyeyusha, ukiongeza dakika moja au mbili.

Spinachi ikibaki: upishi wa Roma

Huu ni wa dakika kumi. Loweka zabibu kavu kiganja kimoja kwenye maji ya vuguvugu. Pasha mafuta ya zeituni na punje ya kitunguu saumu iliyopondwa, itoe ikianza kugeuka rangi, kisha tia mbegu za msonobari, na zikiwa za dhahabu tu, zabibu zilizochujwa. Ongeza spinachi iliyochemshwa na kukamuliwa, ambayo safari hii hukuikatakata, igeuze dakika 3. Zabibu na mbegu hizo utazikuta pia Sicilia, na katika mapishi ya zamani ya Wayahudi wa Roma. Chumvi itie mwisho, na ule na mkate mkavu wa kuchovya mafuta yaliyobaki.