Penye keki, kahawa isitiwe sukari

Ukiwa na kipande cha keki au biskuti mezani, kunywa kahawa yako bila sukari. Uchungu wa kahawa ndio unaouibua utamu wa keki. Ukitia sukari huku na huku, ladha zinafunikana, na utajikuta unachukua kipande cha pili bila hata kukifurahia cha kwanza. Anza na funda moja la kahawa, uma kidogo, tafuna taratibu, ndipo unywe tena. Chokoleti nyeusi inapendeza zaidi kwa mtindo huu: weka kipande ulimini, piga funda la kahawa ya moto, kitayeyuka chenyewe na harufu yake itapanda hadi puani. Raha tupu!

Halafu angalia saa. Kwa mtu mzima, kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa kinachofukuza usingizi, huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ukinywa kikombe saa 10 jioni, nusu yake bado unayo saa 3 usiku. Mimi naona wakati mzuri ni baada tu ya chakula cha mchana. Na tafadhali, kaa chini, simu iweke mbali.