Sikiliza kama mpigaji wa tatu

Redio hapa kwenye banda langu la kushonea, Jinja, huwaka tangu ninapofungua mpaka ninapofunga. Nyimbo zinapita kutwa, na jioni ukiniuliza nimesikia nini, sina jibu. Kusikiliza nilifundishwa na amadinda.

Amadinda ni marimba ya Buganda: vibao 12 vimelazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji ni watatu. Omunazi huanza, taratibu, mapigo sawasawa. Omwawuzi, aliyeketi mkabala naye, hutia mapigo yake kwenye nafasi anazoziacha mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu, vile vyenye sauti nyembamba kabisa.

Tafuta rekodi isiyo na waimbaji. Mimi hungoja saa tatu usiku, watoto wakishalala, cherehani imefunikwa. Weka simu mbali na mkono, ukae. Mara ya kwanza iache ipite tu.

Mara ya pili, piga paja lako pamoja na omunazi. Mdake mapema, angali peke yake. Omwawuzi akiingia atakuvuta umfuate yeye. Usikubali, shikilia paja lako. Ukipotea, rudisha mwanzo, hata mara kumi. Mimi ilinichukua siku nne.

Ukishatulia hapo, acha paja, usikilize chini, kwenye sauti nzito. Utasikia wimbo ambao hakuna anayeupiga! Omunazi hapigi huo, omwawuzi naye hapigi huo. Sikio lako ndilo linaloziokota sauti nzito za wote wawili na kuziunga. Omukoonezi naye hufanya hivyo hivyo: hudaka zinazotoka kwenye vibao viwili vya chini kabisa, akazirudia juu kwa vibao vyake. Kwa hiyo asiposikiliza, hana cha kupiga. Nafasi yake ndiyo ninayokuomba ukae.

Ukiweza kufika Ndere, kituo cha ngoma na muziki wa asili kule Ntinda, Kampala, keti karibu uone mikono. Macho husaidia sana.

Kwa nyimbo za bendi, fuata gitaa la besi peke yake mpaka mwisho. Kadongo kamu, nyimbo za Kiganda za kusimulia kwa gitaa, nayo inataka ushike maneno, maana kisa huwa kirefu na ukikosa ubeti mmoja umempoteza mtu wa kisa hicho.

Jana usiku nilimfuata omukoonezi tangu alipoingia mpaka wote watatu wakanyamaza. Sikuwasha kitu kingine baada ya hapo.