Jina lenu la ukoo ni la Kiingereza? Hivi ndo unavyolifuatilia

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi jina langu la tatu ni Stanley, kwetu Mvumi, nimekulia Dodoma mjini, na tangu shule ya msingi naulizwa we kwenu kuna mzungu nini? Nilikuwa sina jibu. Mwaka juzi nikaamua kulifuatilia hilo jina, na kwa kuwa kina Stanley, Wilson, Jackson na Nelson wamejaa huku kwetu, naandika nilivyofanya ili na mwingine afanye.

Kwanza kabisa, kabla hujamaliza bando mtandaoni, jua jina liliingiaje kwenu. Sisi jina la tatu mara nyingi ni jina la babu tu, sio kama Waingereza ambao jina moja linashuka kwa watoto wa watoto miaka mia tano. Stanley yangu mimi ni jina la ubatizo la babu mzaa baba, fomu za shule na baadae za NIDA, kitambulisho cha taifa, ndo zikaligeuza la ukoo. Ukikosea hapo utahangaika kutafuta ukoo wa kina Stanley Uingereza wakati ukoo wako uko hapo hapo kijijini, una mbeyu yake, yaani jina la ukoo kwa Kigogo, na mwiko wake na wazee wanaujua.

Kwa hiyo anza na hao wazee. Usiwaulize babu alizaliwa mwaka gani, uliza alizaliwa kabla au baada ya njaa gani. Mimi bibi alijibu bila hata kufikiria, babu yako kazaliwa kwenye Mtunya, na Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 mpaka 1920, ndo maana jina lake la nyumbani lilikuwa jina la njaa. Hapo nikawa nimeshapata miaka ya kuanzia. Uliza pia alibatizwa wapi, akiwa mtoto au mtu mzima, na nani alimdhamini, na rekodi kwenye simu maana mzee akirudia hadithi kesho kuna kitu anaongeza na kingine anakiacha.

Baada ya hapo nenda kanisani. Ugogo wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walishafika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanza 1927, askofu wa kwanza George Chambers kutoka Sydney, kwa hiyo kama kwenu ni Waanglikana kuna uwezekano mkubwa babu yako ameandikwa kwenye daftari la ubatizo mahali fulani. Usiende Jumapili, kasisi ana watu wengi, nenda siku ya kazi asubuhi na mzee anayefahamika pale, mimi nilienda na baba mkubwa, na omba kuangalia ukiwa mbele yao, usiombe kuondoka na kitabu. Parishi ya kwanza tuliambiwa vitabu vya zamani havipo. Ya pili tukaletewa daftari kubwa, jalada limeachia, mchwa wamekula kona ya chini ya kila ukurasa. Tumekaa nalo saa mbili. Mstari wa babu umeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia, jina la njaa liliandikwa kwanza halafu likakatwa kwa mstari mmoja, juu yake Stanley, na kule mwisho kwenye safu ya mdhamini kuna mtu anaitwa Stanley, mwalimu. Baba mkubwa alinyamaza muda mrefu, akasema kumbe ni la mwalimu wake. Kwa hiyo angalia safu zote, sio ya jina tu, mimi jibu langu lilikuwa kwa mdhamini.

Sasa ndo uje kwenye Kiingereza chenyewe. Waingereza zamani hawakuwa na majina ya ukoo, yalianza kushika baada ya Wanormani wa kutoka Ufaransa kuivamia nchi yao 1066, na kufika 1400 hivi wengi walikuwa nayo. Jiulize lako liko kundi gani. Yenye -son mwishoni ni kama bin yetu, Wilson ni mtoto wa Will, Jackson mtoto wa Jack. Mengine ni kazi, Smith mhunzi, Cooper mtengeneza mapipa, Fletcher mtengeneza mishale, hata Chambers wa yule askofu inatokana na chumba kwa Kifaransa, yaani mtumishi wa chumbani kwa bwana mkubwa. Mengine ni sifa ya mtu, Armstrong mwenye mkono wenye nguvu. Na mengine ni mahali, Stanley ni mojawapo, stan ni jiwe na ley ni uwazi uliofyekwa msituni, viko vijiji kadhaa Uingereza vinaitwa hivyo, na mtu wa Dodoma akiangalia majabali yetu sidhani kama atapata shida kuelewa mahali pa namna hiyo.

Na angalia na huyu Stanley maarufu, Henry Morton Stanley mwandishi wa habari na mpelelezi, aliyepita Ugogo 1871 akilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi njiani kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone Ujiji. Hakuzaliwa Stanley! Alizaliwa Denbigh, Wales, 1841, akabatizwa John Rowlands, akaja kuchukua jina la mfanyabiashara wa New Orleans, Marekani. Nilivyosoma hivyo nikamkumbuka babu na ule mstari wa wino.

Kama kwenu kweli kuna mzazi Mwingereza, tuseme wa enzi za mradi wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa 1947 mpaka 1951, hapo njia ni nyingine. Vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales vimesajiliwa na serikali tangu Julai 1837, sensa zina majina tangu 1841, na nyuma ya hapo kuna vitabu vya makanisa vilivyoagizwa 1538. Tovuti za FreeBMD na FamilySearch za kutafutia kumbukumbu hizo ni bure, jaribu tahajia zote, Smith na Smyth, Clark na Clarke, maana aliyeandika aliandika alivyosikia. Usilipe hela ununue nembo ya ukoo mtandaoni, kule Uingereza nembo anapewa mtu na uzao wake, sio kila mwenye jina hilo.

Mimi sasa namtafuta yule mwalimu. Baba mkubwa anasema alifundisha pia upande wa Kongwa, mvua zikikatika tunaenda, na kwenye daftari langu la nyumbani nimeshaandika majina yote mawili ya babu, lile la njaa nimeliweka juu.